Mzazi na Mtihani wa Taifa: Fanya Hivi, Hivi Usifanye

Septemba ya kila mwaka, watoto wa darasa la saba Tanzania Bara hukaa siku mbili kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Oktoba wanafuata wadogo zao wa darasa la nne, nao siku mbili, kwenye Upimaji wa Kitaifa. Karatasi zote hizo hutoka Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Hayo mzazi anayajua. Asichokijua, na mara nyingine hataki kukijua, ni mtihani wenyewe unapima nini na ile herufi inayorudi ina maana gani. Ndiyo maana kuna nyumba zinachinja kuku pasipo na cha kushangilia, na nyumba zinachapa mtoto ambaye hakustahili hata kukaripiwa.

Yasome haya ukiwa umekaa. Yanakuhusu wewe kabla ya kumhusu mtoto.

Fanya: soma mstari wote, usikimbilie mwisho.

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, kila mtoto ana mstari wake. Mbele ya namba yake ya mtihani, ile inayoanza na PS, yamepangwa masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Maarifa ya Jamii, Hisabati, Sayansi na Uraia, kila somo na herufi yake. Mwisho kabisa kuna daraja la wastani. Wazazi wengi jicho lao linaruka hadi hapo mwisho. Wakikuta C, simu zinaanza kulia mpaka kijijini: kapasi!

Haya, tuchukue mstari kama huu. Kiswahili B, Kiingereza D, Maarifa C, Hisabati E, Sayansi C, Uraia B, wastani C. Kila somo lina alama 50, masomo sita yanafanya 300. A inaanzia 41, B inaanzia 31, C inaanzia 21, D inaanzia 11, na chini ya hapo ni E. Kwa jumla, C inaanzia 121. Mtoto aliyepata 35, 14, 25, 9, 24 na 33 ana 140. Amefaulu, hakuna ubishi, na serikali, kupitia TAMISEMI, itampangia shule. Januari ataingia kidato cha kwanza akakutane na Hisabati ile ile aliyopata 9, safari hii ikifundishwa kwa Kiingereza kile kile alichopata 14. Fizikia, Kemia, Baiolojia, Jiografia, vyote kwa Kiingereza hicho hicho. Mwezi wa tatu mzazi anaanza kulalamika kwamba sekondari za kata hazifundishi.

Taarifa ilikuwepo kwenye mstari tangu siku ya kwanza. Kati ya matokeo na kufungua shule kuna wiki kadhaa, na wengi huzimaliza kwa kushona sare na kununua sanduku la bati. Mtoto mwenye mstari wa namna ile anahitaji mtu wa kukaa naye kwa Kiingereza na Hisabati kabla hajaanza, hata kama sanduku litasubiri.

Usifanye: usidhani "amefaulu" maana yake "ameelewa".

Alama 121 kati ya 300 ni asilimia 40. Maana yake zaidi ya nusu ya alama zilizokuwepo hakuzigusa, na bado tunaita ni kufaulu. Kwenye darasa la nne kamba iko chini zaidi, kwa sababu hata mwenye D huvuka kwenda la tano. Serikali ina sababu zake za kuweka kiwango hapo, na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na mzazi anayeona D ya darasa la nne akalala usingizi.

Angalia karatasi za darasa la saba za miaka ya karibuni. Sehemu kubwa ni maswali 40 ya kuchagua, kila swali na majibu matano, A hadi E. Mtoto asiyejua lolote, akiweka kivuli kwa kubahatisha kuanzia la kwanza hadi la 40, kwa hesabu ya bahati peke yake atapata kama 8. Ajue kweli maswali manne tu, tayari yuko kwenye D. Kwa hiyo D ya somo usiichukulie kama mtoto aliyebakiza kidogo. Inawezekana kabisa kwamba somo hilo hakulishika tangu mwanzo, na tuisheni ya kupitia maswali ya darasa la saba haitamsaidia mtoto ambaye kugawanya kulimshinda akiwa la tatu. Huyo anarudishwa alikoachwa.

Fanya: mpime kusoma wewe mwenyewe.

Huhitaji NECTA kwa hili. Watafiti wa mpango wa Uwezo wamepita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na hesabu chache. Mbinu hiyo haina siri. Mkalishe mtoto mezani, mpe hadithi ya ukurasa mmoja ambayo hajawahi kuiona. Kitabu chake cha shule kiache, kile anakijua kwa kichwa na atakusomea huku macho yapo kwenye picha. Asome kwa sauti. Kisha kifunike kitabu umuulize: nani alifanya nini, na kwa nini?

Akitamka vizuri lakini hajui kilichotokea kwenye hadithi, hapo umepata jibu la maswali yake yote ya Maarifa na Sayansi anayokosa. Anasoma sauti, maana haimfikii. Mtoto wa namna hii anaweza kuijua mada yote na akakosa swali kwa sababu liliandikwa "kipi kati ya vifuatavyo SI...", na yeye hiyo "si" ameiruka.

Fanya hivi angalau mara moja kila muhula, kuanzia darasa la pili, pale wanapopimwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ukisubiri Oktoba ya la nne umechelewa miaka miwili.

Usifanye: usichanganye nafasi ya darasani na daraja la taifa.

Ripoti ya shule inakuja imeandikwa "nafasi ya 3 kati ya 112". Baba anaitundika ukutani. Nafasi inakuambia mtoto amewapita wangapi. Haikuambii anajua nini. Katika darasa ambalo wengi wamezama, wa tatu anaweza kuwa na alama 22 kati ya 50. Mtihani wa taifa haumpangi mtoto wako dhidi ya mtoto wa mama Zuhura. Unampima kwa mipaka iliyowekwa, na wote 112 wanaweza kupata A, au wote wakapata E. Mzazi aliyezoea nafasi hupigwa na butwaa matokeo yakija: wa tatu darasani, C ya taifa! Hakuna aliyemwonea. Uliza alama halisi za kila somo, mwaka mzima, na nafasi iache ilivyo.

Kumlinganisha na binamu yake anayesoma shule ya Kiingereza mjini ni upuuzi zaidi, kwa hiyo sitaupotezea wino.

Usifanye: usichague shule kwa bango.

Mwanzoni mwa 2023 NECTA iliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na wanafunzi bora, ikieleza kwamba kufanya hivyo ni kuzifanyia shule biashara. Baadhi ya wazazi walinuna. Walizoea kusubiri orodha hiyo kama ratiba ya ligi. Shule nazo zikahamishia orodha kwenye mabango ya barabarani: wastani wa shule, picha za watoto na joho, "A tupu".

Ukifika kwenye shule hiyo, uliza swali moja kabla ya kuuliza ada: waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu, walipokuwa darasa la nne walikuwa wangapi? Kama walikuwa 90 na waliofanya mtihani ni 52, waliobaki 38 wako wapi? Shule inayochuja watoto kila Desemba itakuwa na wastani mzuri siku zote, hata kama mwalimu hafundishi chochote cha ajabu. Mtoto wako naye anaweza kuwa kati ya wale wa kuchujwa, na utaambiwa Novemba, ada ya mwaka ukiwa umemaliza kulipa.

Fanya: hakiki jina herufi kwa herufi.

Shule inapomsajili mtoto kwa mtihani, jina linaloingia kwenye mfumo litamfuata hadi chuo. Mtoto ana namba yake ya PREM, na kumbukumbu zake zinashikiliwa na namba hiyo. Siku shule inapowaita wazazi kuhakiki majina, nenda na cheti cha kuzaliwa. Linganisha. Mohamed, Mohamedi na Muhammad kwako ni mtu mmoja, kwenye cheti ni watu watatu. Elizabeth na Elizabert halikadhalika. Jina la ukoo lililobadilishwa kwa sababu baba na mama walitengana, nalo lisemwe sasa. Kulirekebisha wakati wa kusajili ni kazi ya kalamu nyekundu ya mwalimu. Kulirekebisha akiwa anaomba mkopo wa chuo kikuu ni mawakili, viapo na nauli.

Na ukishamsajili, usimhamishe shule katikati ya mwaka wa mtihani isipokuwa kuna dharura ya kweli.

Fanya: sema mapema kama mtoto ana hitaji.

Mtoto asiyeona huandaliwa karatasi ya nukta nundu, mwenye uoni hafifu karatasi ya maandishi yaliyokuzwa, na kuna muda wa nyongeza kwa wanaostahili. Lakini lazima awe ameandikishwa hivyo wakati wa usajili. Wako wazazi wanaoficha kwa aibu, eti mtoto "haoni vizuri kidogo tu". Aibu hiyo ndiyo itakayomkosesha swali ambalo jibu lake analijua.

Usifanye: usinunue mtihani, wala usimwonyeshe mtoto anayeuza.

Kila mwaka kunazuka makundi ya simu yenye "karatasi za kesho". Nyingi ni feki. Zilizo za kweli ni hatari zaidi. Mwaka 2018 NECTA ilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba mkoani Dodoma, pamoja na ya shule kadhaa za Dar es Salaam na Mwanza, na watoto wakarudia mtihani Oktoba. Fikiria mtoto wa miaka 13 aliyesoma kwa haki, akarudishwa kwenye dawati kwa makosa ya watu wazima. Kwenye matokeo ya 2022, watahiniwa 2,194 walifutiwa kwa udanganyifu.

Hapa sina maneno ya upole. Shule ikikuomba "mchango wa kuwasaidia watoto siku ya mtihani" na hakuna anayeeleza msaada gani, usitoe, na waulize wenzako kwenye kikao hadharani. Mzazi anayechanga ananunua kosa la jinai kwa jina la mwanawe. Vivyo hivyo kwa anayejitambulisha kama "mtu wa wizarani" mwenye kuweza kumpatia mtoto Ilboru, Kibaha, Msalato au Kilakala. Nafasi za shule za vipaji maalumu hupangwa kwa alama. Huyo mtu anataka hela yako.

Usifanye: usimwambie afeli.

Wengine watasema jambo hili halipo. Lipo. Viongozi wa wilaya katika mikoa ya wafugaji na kwingineko wamelikemea mara nyingi: mzazi anamwelekeza binti aweke majibu ya ovyo ili asichaguliwe, aolewe, au kijana ili akachunge. Mtoto anatii, kwa sababu ameambiwa na baba yake.

Ada si kisingizio tena. Tangu Januari 2016 kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali hakina ada. Na kumwoza mwanafunzi ni jela: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa. Aliyemwambia binti aweke vivuli vya ovyo asije akashangaa mtendaji akigonga mlango.

Fanya: uliza majaribio yanasahihishwaje.

Jaribio la Ijumaa, jaribio la mwezi, moko ya kata, moko ya wilaya, moko ya mkoa. Kila moja na mia mbili, mia tano au elfu yake. Mtihani wa majaribio una faida moja tu, nayo ni kumwonyesha mtoto alipokosea na kwa nini. Kwa hiyo omba uone karatasi za mwezi uliopita. Kama zimerudi na alama pekee, bila masahihisho, na daftari la Hisabati halionyeshi swali hata moja lililorudiwa, basi mnalipia karatasi za kufungia vitumbua. Lisemeni hilo kwa mwalimu wa taaluma kwa adabu, na mlisemee kikaoni kama hamkujibiwa.

Tuisheni nayo iwe na mwisho. Mtoto anayetoka nyumbani saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku hasomi, anahudhuria. Kwa watoto wadogo serikali imeshachukua msimamo: mwaka 2023 ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ili wakue wakiwa kwao. Ukimweka kambi ya masomo mtoto wa miaka 9 ili apate A ya Oktoba, unapingana na katazo hilo, tena na akili pia.

Fanya: siku yenyewe, mambo madogo.

Penseli mbili za HB zilizochongwa, kichongeo, ufutio safi usioacha weusi, kalamu ya bluu au nyeusi. Maswali ya kuchagua hujibiwa kwa penseli kwenye fomu inayosomwa na mashine. Mfundishe nyumbani, kwa karatasi ya kawaida: kivuli kijae, kisivuke, akibadili jibu afute lote, kwa sababu mashine ikikuta vivuli viwili haina huruma ya mwalimu. Aliyeruka swali la 17 ahakikishe hajaweka jibu la 18 kwenye nafasi yake. Kosa hilo moja huharibu yote yanayofuata. Alale saa tatu usiku. Anywe uji. Asafiri na mtu anayemjua kama shule ni mbali.

Akirudi mchana usimhoji. "Swali la ndege na mabawa umejibu nini?" Kuna karatasi nyingine kesho.

Usifanye: usimwadhibu kwa matokeo, wala usimfiche.

Mtoto wa darasa la nne asiyefikia kiwango hutakiwa kukariri darasa. Wazazi wenye uwezo hukimbilia kumtafutia shule nyingine apokelewe la tano kimyakimya, ili majirani wasijue. Darasa la tano halijamkosea mtu; ni kwamba atakaa pale akisikiliza lugha asiyoielewa kwa miaka, na la saba litamkuta alipoachwa. Ukiwa na matokeo mkononi, nenda kwa mwalimu wa somo, usiende kwa mwalimu mkuu kugomba. Muulize mada tatu ambazo mtoto alishindwa. Akishindwa kuzitaja, hapo sasa una haki ya kwenda kwa mwalimu mkuu.

Na fimbo iweke chini. Mtoto wa miaka 10 hakupanga mtaala, hakuchagua darasa lenye watoto 112, na hakukukataza kukagua daftari lake tangu Februari.

Fanya: jua mwanao yuko kwenye utaratibu upi.

Sera ya Elimu toleo la 2023 imepunguza elimu ya msingi kuwa miaka sita, na kufanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya wanatarajiwa kumaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule wenzao wa mtaala wa zamani wanapomaliza la saba. Makundi mawili yatagonga mlango wa sekondari kwa pamoja. Kaka anaweza kuwa kwenye mtaala mmoja na dada yake kwenye mwingine, chini ya paa moja, na vitabu vya mmoja visimfae mwenzake. Usinunue kitabu cha maswali sokoni kabla ya kuuliza shuleni.

Kikao cha wazazi kikiitwa, nenda mwenyewe, baba au mama, ukiwa na daftari na kalamu. Usimtume dada wa kazi akuwakilishe kwenye kikao cha mtihani wa mwanao.